Tony Watt aliifunga Barcelona akiwa na miaka 18. Kwa nini hakufika alikofika Wanyama?

#1 Mzee wa Kibanda Umiza
Wakuu, salaam.
Kuna dogo kazini kanibishia leo kwamba Celtic ya Scotland haijawahi kuifunga Barcelona ile yenyewe, ya Messi, Xavi na Iniesta. Nimeona nilete huku.
Ni tarehe 7 Novemba 2012, Glasgow, Ligi ya Mabingwa. Celtic 2, Barcelona 1. La kwanza dakika ya 21, kona ya Charlie Mulgrew, Victor Wanyama kawapandia mabeki kichwani. La pili dakika ya 83. Kipa Fraser Forster kabutua mpira mrefu, Xavi kaukosa, dogo anaitwa Tony Watt yuko nyuma yake, kauchukua, kaenda nao mpaka ndani ya boksi, kampigia kipa Valdés chini kona ya mbali. Dogo ana miaka 18 na ndiyo kwanza katoka benchi. Messi alikuja kurudisha moja dakika za majeruhi, lakini jahazi lilishazama.
Sasa miezi minane baadaye Wanyama kauzwa Southampton kwa pauni milioni 12 na nusu, halafu Tottenham. Watt kapelekwa kwa mkopo Lierse ya Ubelgiji. Lierse! Usiku mmoja, goli moja moja kila mtu, njia zikaachana hivyo.
Dai langu ni kwamba dogo alilewa sifa. Karibuni mnipinge.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa paleee. Waje wataalamu.

#3 Odush wa Eastlands
Wasee, hiyo game niliiwatch live. Wanyama akiwa na jezi namba 67, ile ya kukumbuka timu ya Celtic iliyochukua kombe la Ulaya 1967. Ilikuwa mara ya kwanza Mkenya kufunga Champions League. Mtaa mzima ulitoka nje na sufuria. Huyo Watt hata hatukumwona, tulikuwa bado tunaimba ya Wanyama.

#4 Bint Chuda
Odush, kumbe ndiyo maana mnamsahau. Mpira ulianza saa 4:45 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo Watt kafunga saa sita na ushee, tarehe 8 huku. Wengi walishalala au walishalewa.
Mleta uzi, unasimulia kama vile huyo kijana aliokotwa njiani siku hiyo. Celtic walimchukua kutoka timu ya Airdrie mwanzoni mwa 2011, bado mtoto. Aprili 2012 mechi yake ya kwanza kikosi cha wakubwa, ugenini kwa Motherwell, katokea benchi kipindi cha pili na kutupia mawili muda mfupi baada ya kuingia. Celtic walishinda 3-0. Kwa hiyo kutoka benchi na kufunga ilikuwa tabia yake, haikuanza na Barcelona.

#5 Kiungo Mkabaji
Dada umeleta data, lakini malizia. Hiyo mechi ya Motherwell Celtic walikuwa wameshatangaza ubingwa wiki mbili nyuma, walimpiga Kilmarnock 6-0 wakamaliza kazi. Mechi isiyo na presha hata mimi nafunga.

#6 Bint Chuda
Wewe? Na hicho kitambi?

#7 Kiti cha Mbele
😂😂 Mkabaji kakabwa.

#8 Mzee wa Kibanda Umiza
Tusitoke kwenye mada. Sikilizeni. Alipofika Lierse alianza kufunga vizuri tu, kisha akagongana na kocha, Stanley Menzo, yule kipa wa zamani wa Ajax. Mambo ya nidhamu yakafika hadi magazetini. Sasa mtu umetoka kumfunga Valdés, unakwenda timu ndogo, na huko nako unagombana. Hiyo mnaiitaje kama si kulewa sifa?

#9 Mtu wa Clydeside
Habari za humu. Mimi naishi Glasgow, si mbali na upande wa mashariki ulipo uwanja wa Celtic, na nafanya kazi na watu wa Lanarkshire anakotoka Watt. Niseme mawili matatu.
Kwanza, huku hakuna anayesema "alipotea". Nyie mnaofuata ligi ya England pekee ndio mnaomwona kapotea. Amecheza Charlton, Hearts, St Johnstone, CSKA Sofia kule Bulgaria, Motherwell, Dundee United. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2021/22 akiwa Motherwell alikuwa anagombea ufungaji bora wa ligi. Msimu wa 2023/24 aliirudisha Dundee United ligi kuu, wakabeba ubingwa wa daraja la pili. Mtu anaishi kwa mpira zaidi ya miaka kumi, analisha familia, mnasema kapotea?
Pili, ule mwaka 2012 Rangers walifilisika wakaanza upya daraja la nne. Celtic wakabaki peke yao juu. Ligi bila Rangers ikawa inachosha, viwanja vikawa na viti vitupu, na viongozi wakawa wanauza. Kiangazi cha 2013 waliondoka Wanyama, Gary Hooper na Kelvin Wilson kwa mkupuo. Kijana wa miaka 19 katika nyumba inayouza fanicha atakaa wapi?

#10 Odush wa Eastlands
Clydeside umeongea. Lakini bro, hapo kwa Hooper ndio mimi nachanganyikiwa. Namba tisa ameuzwa. Si hapo ndio nafasi ya Watt imefunguka? Kwa nini apelekwe Ubelgiji mwaka huo huo?

#11 Fundi Saa
Jibu la #10 liko kwenye usajili wao. Walimleta Amido Baldé kutoka Ureno. Wakamleta Teemu Pukki kutoka Schalke. Januari wakamleta Leigh Griffiths. Samaras alikuwepo bado. Hiyo ndiyo foleni. Kocha Neil Lennon hakutaka kumsubiri kijana akue wakati ana pesa za Wanyama mkononi. Na Baldé wala Pukki hawakuwika Celtic.

#12 Kiungo Mkabaji
Pukki huyu huyu aliyekuja kutupia 29 akiwa Norwich msimu wa 2018/19?

#13 Fundi Saa
Huyo huyo. Celtic alionekana garasa. Ndiyo maana mimi siamini hizi habari za "sifa" na "nidhamu". Mshambuliaji akiwa sehemu sahihi anafunga, akiwa sehemu mbaya anaonekana mzigo. Pukki alipata bahati ya kuangukia timu inayomchezea. Watt kila alipofika walitaka awe kitu kingine: mara winga, mara mtu wa kushikilia mpira mbele, mara wa kuingia dakika ya 70.

#14 Mzee wa Kibanda Umiza
Pukki alihama timu ngapi kwa ugomvi? Nipe jibu hilo Fundi.

#15 Fundi Saa
Nami nakuuliza, Menzo alidumu Lierse muda gani?

#16 Mwalimu Kheri
Naomba niingilie kwa kisa changu, maana mada imenigusa.
Nafundisha vijana mpira huku mkoani, jioni baada ya kazi. Tulikuwa na kijana wa miaka 17, straika, mwembamba, ana mbio. Timu yetu ilicheza mechi ya kirafiki na klabu moja kubwa iliyokuja kupiga kambi, sitaitaja. Kijana aliingia mwishoni, beki wao akateleza, kijana akafunga. Tulitoka 1-1. Kuanzia hapo kila mtu alimjua kwa lile goli. Ile klabu ikamchukua. Wakamkalisha na timu B, hapewi mechi, posho inakuja inapotaka, na kila kocha mpya anayekuja anamuuliza, "Wewe ndiye uliyetufunga?" Mazoezini wanataka afanye vilevile: asubiri beki ateleze, akimbie. Hakuna aliyemfundisha kupokea mpira akiwa amepewa mgongo na beki, na hicho ndicho kilikuwa udhaifu wake tangu kwangu. Amerudi ana miaka 20, anacheza ndondo.
Hakulewa sifa. Waliolewa ni wale waliomtazama. Sasa kwa Watt sijui, ila nikiangalia lile goli naona kijana anayejua kukimbilia nafasi. Mechi ambayo Barcelona walikuwa na mpira zaidi ya asilimia 80, nafasi nyuma yao zilikuwa tele. Ukirudi ligi ya Scotland, St Mirren hawakuachii hata mita tano nyuma. Wanakaa wote golini mwao. Mchezo mwingine kabisa.

#17 Bint Chuda
Mwalimu, hii #16 ndiyo iliyonifanya niingie tena. Pole kwa kijana, na asante.

#18 Kiti cha Mbele
Mwalimu mtumie huyo kijana timu ya mtaani kwetu, straika wetu ana miaka 41.

#19 Mchambuzi wa Bure
Mnazunguka tu. Goli lile lilikuwa la bahati. Xavi Hernández, kiungo bora wa kizazi chake, anaukosa mpira wa kubutuliwa na kipa. Mara ngapi imetokea? Toa kosa la Xavi, hakuna uzi huu. Tunamdai kijana wa watu maelezo ya maisha yake yote kwa sababu ya kosa la mtu mwingine.

#20 Fundi Saa
#19 sawa, Xavi kakosea. Baada ya hapo dogo yuko peke yake na kipa wa Barcelona, uwanja mzima umesimama, na ana sekunde kama tatu za kufikiria. Hizo sekunde ndizo zinazoua mastraika wengi. Yeye alitulia, akafungua mguu, akaweka. Bahati ni kuupata mpira. Kumalizia si bahati.

#21 Mtu wa Clydeside
Halafu kuna hesabu moja watu huku hawajaisahau. Celtic walimaliza kundi na pointi 10, Barcelona 13, Benfica 8, Spartak Moscow 3. Toeni goli la Watt, matokeo yanakuwa 1-1. Celtic wanabaki na pointi 8 sawa na Benfica, na kwa mechi zao wawili Benfica wako mbele: Glasgow ilikuwa 0-0, Lisbon Benfica walishinda 2-1. Ina maana bila Watt, Celtic hawaendi 16 bora. Lile goli halikuwa la picha ya ukutani tu, lilileta pesa nzito klabuni.

#22 Mchambuzi wa Bure
Bila Watt pengine Messi asingefunga, kwa sababu Celtic wasingelegea. Hesabu za "toa hiki, weka hiki" kwenye mpira hazina mwenyewe.

#23 Mzee wa Kibanda Umiza
Mchambuzi, wewe #19 umetoa kosa la Xavi, sasa unakataza wenzako kutoa goli?

#24 Odush wa Eastlands
😂😂😂 Mzee amempata.

#25 Kiungo Mkabaji
Hiyo 16 bora si ndiyo walikutana na Juventus wakapigwa 3-0 pale pale Glasgow? Efe Ambrose katoka kucheza fainali ya AFCON na Nigeria Jumapili Afrika Kusini, Jumanne kapangwa. Akafanya makosa hadi huruma.

#26 Bint Chuda
Alikuwa bingwa wa Afrika wa siku mbili, mwache. Nani angemkataza kucheza?

#27 Mfuatilia Mikataba
Wakuu, nimesoma yote na kuna kitu hakijaguswa. Tazameni alivyopita. Kiangazi 2014 Celtic wanamuuza Standard Liège. Haijaisha nusu msimu, Januari 2015 yuko Charlton. Mmiliki wa Standard wakati huo ni Roland Duchâtelet. Mmiliki wa Charlton ni nani? Roland Duchâtelet. Mtu mmoja ana timu kadhaa, anahamisha wachezaji kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.
Akafunga Charlton, mashabiki wakampenda. Msimu uliofuata kapelekwa Cardiff kwa mkopo, akaanza vizuri, Cardiff wakataka kumnunua kabisa. Januari 2016 Cardiff wakafungiwa usajili kwa mambo ya matumizi ya fedha, dili likafa. Akapelekwa Blackburn. Kisha Hearts. Kisha Leuven, Ubelgiji tena. Hapo kijana ana miaka 23 na timu ngapi? Straika anahitaji winga anayejua anapenda krosi ya aina gani, na hilo linataka muda mazoezini. Yeye kila akizoea jina la mtunza jezi anahama.

#28 Fundi Saa
Hii ya Cardiff inauma. Si yeye, si kocha, ni wahasibu.

#29 Mzee wa Kibanda Umiza
Hakuna timu inayomwachia mchezaji muhimu. Charlton walikuwa wanapigania kutoshuka msimu ule ule na bado wakamtoa kwa mkopo. Jiulizeni.

#30 Mfuatilia Mikataba
Na wakashuka kweli. Kwa hiyo nani alikuwa hana akili hapo, Watt au waliomtoa?

#31 Yakhe wa Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa. Mimi ni shabiki wa Celtic tangu Wanyama, na mwanangu nimemnunulia jezi ya mistari. Nataka niwatoe kidogo nje ya Watt. Yuko mwingine Celtic hao hao, Islam Feruz. Mzaliwa wa Somalia, familia yake ilikimbia vita wakafika Glasgow. Walikuwa karibu kurudishwa, marehemu Tommy Burns wa Celtic akawasimamia hadi wakaruhusiwa kubaki. Mtoto alikuwa straika hatari, Scotland wakamchezesha timu za vijana. 2011 ana miaka 16, Chelsea wakamchukua. Hakucheza hata mechi moja ya timu kubwa Chelsea. Mikopo tu: Ugiriki, Blackpool, Hibernian, Mouscron Ubelgiji, Swindon. 2019 mkataba ukaisha. Huyo ndiye wa kusikitikiwa. Watt angalau ana usiku wake.

#32 Kiungo Mkabaji
Feruzi? Huyo si ana shangazi Tandika?

#33 Yakhe wa Kibokoni
Wewe kila jina ni la Tandika.

#34 Mtu wa Clydeside
Feruz watu wa Celtic wana uchungu naye mpaka leo, kwa sababu ya Burns. Lakini wengine wanasema angebaki yangemkuta ya Watt. Hapo ndipo mtego wenyewe ulipo: ukibaki wanakuletea Baldé, ukiondoka mapema unapotelea kwenye akademi ya watu.
Na kuna huyu wa sasa, Ben Doak, siku hizi anatumia Gannon-Doak. Winga wa Celtic, alicheza dhidi ya Rangers akiwa na miaka 16, akaondoka kiangazi 2022 kwenda Liverpool kwa fidia ya kama pauni laki sita. Liverpool walimchezesha kidogo, goti likamweka nje, akakosa Euro 2024 akiwa ameshaitwa. Mkopo Middlesbrough akawasha moto, kisha akaumia paja. Bournemouth wakamchukua Septemba 2025 kwa pauni milioni 20 na ziada. Laki sita kwa milioni ishirini. Celtic hawakuambulia hata robo.

#35 Odush wa Eastlands
Si ni huyo alipiga krosi McTominay akafunga tik-tak dhidi ya Denmark, Novemba 2025? Halafu akatolewa kwa machela kipindi cha kwanza hicho hicho. Scotland wakaenda World Cup mara ya kwanza tangu 1998, yeye hamstring imeenda.

#36 Mwalimu Kheri
Ndiye. Vijana wa mbio namna ile, misuli inakomaa polepole kuliko kasi yao. Ukimwanzisha na watu wazima mapema, mwili unadai. Watt hakuwa na tatizo hilo, alikuwa na umbo tayari. Hata hivyo kwake umbo nalo likawa kesi, kila kocha akimtazama tumbo.

#37 Bint Chuda
Mimi nina la kuongeza kuhusu Ubelgiji, maana mnaitaja kama jehanamu. Wanyama katokea wapi kabla ya Celtic? Beerschot, Ubelgiji. Samatta wetu je? Genk, Ubelgiji, kisha Aston Villa, kisha akafunga goli dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Carabao la England 2020. Kwa Mwafrika Ubelgiji ni ngazi ya kupandia. Unafika una njaa, baridi inakupiga, hujui Kiflemi, na unajua nyumbani wanasubiri. Kwa kijana aliyeshaifunga Barcelona, Lierse ni kushushwa. Ni nchi ile ile, ligi ile ile, mmoja yuko njiani kupanda na mwingine anahisi anateremka. Hapo ndipo naona tofauti ya Watt na Wanyama, si kwenye vipaji.

#38 Mzee wa Kibanda Umiza
Bint Chuda, umerudi kwangu kwa mlango wa nyuma. Kuhisi unashushwa ndiyo kulewa sifa kwenyewe.

#39 Bint Chuda
Hapana mzee. Ukimshusha mtu cheo kazini akanuna, huwezi kusema amelewa sifa. Anajua alichokifanya.

#40 Fundi Saa
Na wanasahau umri. Wanyama usiku ule alikuwa na miaka 21, amepita Uswidi, amepita Ubelgiji, ana kaka yake Mariga aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Inter 2010. Huyo ana mtu wa kumpigia simu. Watt katoka Airdrie kwenda Celtic, ni safari ya basi.

#41 Mtu wa Clydeside
Treni. Dakika kama 20 kutoka Coatbridge, huko huko Lanarkshire.

#42 Mchambuzi wa Bure
Timu ya taifa kacheza mara ngapi?

#43 Mfuatilia Mikataba
Mara moja. Machi 2016 dhidi ya Denmark, uwanja wa Hampden, enzi za kocha Gordon Strachan. Scotland walishinda 1-0, goli la Matt Ritchie.

#44 Mchambuzi wa Bure
Mara moja. Basi.

#45 Fundi Saa
"Basi" ya nini? Wachezaji wangapi wa Scotland wamecheza mara 30 na hakuna anayewakumbuka nje ya kwao? Sisi tuko hapa Tanga, Nairobi, Mombasa tunagombana juu ya mtu wa mara moja.

#46 Yakhe wa Kibokoni
Mleta uzi, yule dogo wa kazini umeshamwonyesha? Mwambie atafute uwanja ulivyopambwa siku ile, mashabiki wameinua karatasi za rangi jukwaa zima, msalaba wa Celtic na 125. Klabu ilikuwa imetimiza miaka 125 siku moja kabla.

#47 Mzee wa Kibanda Umiza
Nimemwonyesha. Anasema Valdés alikuwa amekaa vibaya.

#48 Kiungo Mkabaji
Hapo sasa dogo ana hoja. Ukiangalia marudio ya nyuma ya goli, Valdés katoka nusu nusu. Kipa ama toka ama kaa.

#49 Fundi Saa
Atoke aende wapi? Akitoka Watt anamzunguka. Mascherano ndiye alipaswa kuwa pale.

#50 Kiungo Mkabaji
Mascherano hakuwa upande huo. Nenda kaangalie tena ndipo urudi.